Fikra Tunduizi Katika Usaili wa Kazi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Matangazo mengi ya kazi hutaja fikra tunduizi, yaani uwezo wa kulichunguza jambo kwa makini kabla ya kuliamua, miongoni mwa sifa za mwombaji, lakini wengi huingia kwenye usaili bila kujua sifa hiyo hupimwaje, na matokeo yake watu wenye uwezo mkubwa hushindwa kuuonyesha.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba anayejibu papo hapo ndiye anayefikiri vizuri. Chukua swali hili, ambalo huulizwa kwa sura nyingi: mauzo ya kampuni yameshuka kwa asilimia 20 katika mwezi mmoja, ungefanya nini? Msailiwa mwenye haraka hupendekeza matangazo zaidi. Anayefikiri hutulia kwanza, kisha huuliza: yameshuka yakilinganishwa na mwezi uliotangulia, au na mwezi kama huo mwaka jana? Wateja ndio waliopungua, au ni walewale ila kila mmoja ananunua kidogo? Wateja 500 wakibaki 400, na kila mmoja akinunua kama zamani, mauzo hushuka kwa asilimia 20. Wakibaki 500, lakini kila mmoja akipunguza manunuzi yake kwa moja ya tano, mauzo hushuka kwa kiasi kilekile. Takwimu ni moja ila maradhi ni mawili, na matangazo yanaweza kuleta wateja wapya huku sababu iliyowafanya wa zamani wapunguze manunuzi ikibaki palepale. Kusema “Naomba nafasi kidogo nilifikirie” si udhaifu, na sijui msaili makini atakayekuhesabia kosa kwa hilo.

Wengine hudhani kwamba kufikiri kwa kina ni kupinga. Kutunduia ni kutazama kwa makini, na anayetazama kwa makini huweza kukubali hoja kama anavyoweza kuikataa, mradi aeleze kwa nini.

Ipo pia hofu ya kuulizwa mafumbo ya kuchemsha bongo kwenye usaili, ambayo kwa maoni yangu imewapotezea waombaji muda mwingi wa maandalizi. Kwa miaka kadhaa kampuni ya Google ilijulikana kwa maswali ya namna hiyo, lakini mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akiongoza idara yake ya rasilimali watu, alikiri hadharani kwamba hayatabiri lolote kuhusu utendaji wa mtu kazini. Hayo yatofautishwe na maswali ya kukadiria, yanayohusishwa na mwanafizikia Enrico Fermi, kama lile la kukisia idadi ya mafundi wa piano mjini Chicago. Hapa hakuna anayetarajia jibu kamili. Kinachosikilizwa ni hatua: idadi ya wakazi, sehemu ya kaya zenye piano, mara ambazo piano huhitaji fundi kwa mwaka, na kazi anazoweza kumaliza fundi mmoja. Msailiwa anayesema ni kadirio lipi kati ya hayo analolitilia shaka zaidi, na kwa nini, amekwisha kuonyesha kinachotafutwa.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya kuamini kwamba usaili ni mahali pa kusimulia ushindi tu, ilhali anayefikiri vizuri hutafuta pia pale anapoweza kuwa amekosea. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason alichapisha jaribio ambamo washiriki walipewa namba 2, 4 na 6, wakatakiwa kugundua kanuni iliyozipanga. Wengi walijaribu namba zilizoafikiana na dhana yao, kama 8, 10 na 12, na kila walipoambiwa zinafaa wakazidi kujiamini, ilhali kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Wangejaribu 1, 2 na 3 wangegundua mapema kwamba dhana ya namba shufwa haikuwa sahihi.

Kwa hiyo, unapoulizwa kuhusu tatizo ulilowahi kulitatua, eleza pia pale ulipokosea na kilichokufumbua macho. Tuseme uliamini kwamba mizigo inachelewa kwa sababu wafanyakazi ni wachache. Kabla ya kuomba waongezwe, ukapitia kumbukumbu za wiki 6 na kukuta kwamba mizigo ilichelewa hata siku ambazo wafanyakazi wote walikuwepo, kwa kuwa ilikuwa ikisubiri saini ya mtu mmoja. Msaili atataka kujua ni nini kilichokufanya uzifungue kumbukumbu hizo, na hapo utakuwa na jambo la kweli la kumweleza.