Kopo la soda ndani ya klachi

Kirikuu, pikapu ndogo ya Suzuki Carry, ilifika hapa gereji Tabata, Dar es Salaam, ikiwa na ugomvi ndani yake. Mama mwenye gari alishanunua klachi pleti, ile sahani inayounganisha injini na giaboksi, mara mbili ndani ya miezi mitano, na dereva wake alishachoka kulaumiwa. "Fundi, huyu kijana ananimalizia klachi," mama akasema. Kijana akageukia barabarani, kimya.

Sikufungua kitu kwanza, niliiendesha. Gia ya kwanza inaingia kwa kugombana, na gari ikiondoka inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikatia gia ya nne, nikakanyaga mafuta: injini inalia, mwendo uleule. Maana yake klachi haikati vizuri, yaani haiachanishi injini na giaboksi, na hapohapo haishiki vizuri. Kwa kawaida gari huja na ugonjwa mmoja kati ya hayo mawili. Yote mawili kwenye pleti ambayo bado ni mpya, mimi naanza kushuku kile kinachoisukuma.

Uzuri wa Suzuki Carry ni kwamba injini iko chini ya viti na giaboksi inafuata nyuma yake, kwa hiyo injini unaiacha palepale. Toa propela (shafti ndefu ya kwenda matairi ya nyuma), stata, kebo na waya, egemeza giaboksi kwenye jeki, ivute nyuma. Ila wakati wa kurudisha usiiache ining'inie kwenye shafti yake eti unatafuta bolti iliyoangukia mchangani. Uzito wote unalalia kitovu cha pleti mpya, na pleti ikipinda hata kidogo utaifungua tena wiki ijayo.

Nilipochungulia ndani ya ganda la giaboksi niliona kitu kinang'aa. Rilizi beringi, ile inayofanya klachi iachie ukikanyaga pedeli, husukumwa na shafti ndogo inayopita kwenye ganda, na shafti hiyo huzunguka ndani ya bushi, kipete cha kuizuia isicheze. Bushi moja ilikuwa imeisha, na fundi aliyetangulia alizungushia shafti kipande cha kopo la soda. Bati lilikuwa limesagika, ukingo umekuwa kama wembe, lakini rangi nyekundu bado inasomeka. Nikakishika kwa koleo nikawaonyesha wote wawili.

Shafti ikicheza, beringi inasukuma vidole vya presha pleti, ile inayoibana klachi pleti, kwa upande mmoja. Pleti haiachii sawasawa, ndiyo maana ya kutetemeka na gia kugoma. Yule fundi, ili klachi ikate, akakaza kebo inayounganisha pedeli na klachi mpaka pedeli haina nafasi kabisa. Sasa beringi inasukuma muda wote, hata mguu ukiwa haugusi pedeli. Klachi inateleza, inaungua. Kijana alikuwa anasingiziwa kosa la nati ya kukazia kebo.

Bushi ile niliitafuta Kariakoo nusu siku. Seti nzima ya klachi unaipata duka la kwanza. Kipande cha ukubwa wa pete wanakucheka. Nikaenda kwa mchonga vyuma, mitaa ya Gerezani jirani na Kariakoo. Watu wengi wanakosea hapa: wanampelekea bushi ya zamani tu, iliyokwishalika, wanasema "nitengenezee kama hii". Mpelekee ganda na shafti yenyewe. Shafti yangu ilikuwa imelika upande, ikabidi ilainishwe kwanza, kisha bushi ya shaba ichongwe tundu dogo kidogo kulingana na shafti ilivyobaki. Na tundu limaliziwe baada ya bushi kugongewa ndani, kwa sababu ikibanwa na ganda tundu lake hupungua kidogo.

Beringi za kawaida ni rahisi zaidi, kwa kuwa hazina kabila la gari. Ile ndogo inayokaa kwenye koo la krenki, shafti kuu ya injini, ukiifuta vizuri utaona namba ubavuni. Ikiwa 6201, basi tundu ni milimita 12, nje 32, upana 10, iwe imetoka kwenye gari au kwenye mota ya umeme. 6202 ni 15, 35 na 11. Nenda duka la beringi, taja namba, acha kusema aina ya gari, maana ukiitaja bei inapanda. Herufi za mwisho nazo zisome: 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina bati. Sili za oili vilevile zina vipimo vitatu, tundu, nje na upana.

Vishikizi vya pedeli nilichonga mwenyewe kutoka kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Plastiki ile inateleza vizuri na haili chuma. (Nyumbani waliuliza kibao kimeenda wapi. Nilinunua kingine.) Mpira wa kuzuia vumbi nikakata tyubu ya baiskeli.

Ninakubali mbadala pale kitu kinapokaa tu mahali pake au kuzuia vumbi. Bolti za presha pleti sizichezei: ikiwa kichwani imeandikwa 8.8, alama ya nguvu yake, siweki ya duka la vifaa vya ujenzi isiyo na namba, hata ikiingia vizuri. Kebo nayo ilikuwa imechanika nyuzi. Kijana akapendekeza ya bodaboda. Ile imetengenezwa ivutwe kwa vidole, hii inavutwa na mguu. Nikachukua ya gari nyingine, baada ya kulinganisha urefu wa waya unaochomoza nje ya ganda lake, siyo urefu wa kebo nzima peke yake.

Kuiweka pleti katikati nilitumia mpini wa fagio niliozungushia selotepu mpaka ukajaa tundu. Ukiwa na shafti kuukuu ya giaboksi, itumie hiyo. Bolti nikazikaza kwa msalaba, kidogokidogo, na mwisho pedeli nikaiachia nafasi ya kama sentimita mbili kabla haijaanza kuwa nzito.

Wiki mbili baadaye niliomba gari irudishwe, maana kebo mpya hunyooka. Nafasi ilikuwa imeongezeka. Nikakaza nati nusu mzunguko. Kijana alikuja peke yake. Akasema amepanda mwinuko wa pantoni Kigamboni na mzigo wa maji, foleni imesimama mbele yake, akavuta hendibreki.

"Zamani nilikuwa nashikilia gari isirudi nyuma kwa klachi," akaniambia, halafu akacheka. "Usimwambie mama."