Sheria ya teksi ikibadilika, nani hubaki na deni?

Kila sheria ya leseni za teksi inapofumuliwa, mjadala huwa ule ule: madereva upande huu, kampuni za programu za simu za kuitia magari upande ule, serikali katikati ikijifanya refa. Kazi yangu ni kusoma sheria hizi, kuanzia rasimu hadi hukumu za mahakama zinazozifuta, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoona kwamba mgawanyo huo unaficha jambo kubwa. Neno "madereva" limebeba watu wa aina tatu ambao maslahi yao hayafanani. Yupo mwenye leseni asiyeshika usukani, yupo mwenye leseni anayeendesha mwenyewe, na yupo asiye na leseni wala gari, anayeendesha kwa hesabu, yaani kiasi maalumu anachompelekea mwenye gari kila siku. Sheria ikipita asubuhi, jioni mmoja kaneemeka, mwingine kafilisika, na wa tatu hana hata habari.

Tuanze na huyu wa tatu, kwa kuwa ndiye asiyeitwa kwenye vikao. Dereva wa hesabu huanza siku akidaiwa. Kabla abiria wa kwanza hajafungua mlango, tayari kuna fedha ya mwenye gari na kuna mafuta ya kurudisha kama alivyoyakuta. Saa za mwanzo anaendesha kwa ajili ya tajiri wake, zinazofuata kwa ajili ya tanki, na kinachopatikana baada ya hapo, akiwa amechoka, ndicho chake. Siku ya mvua abiria wakiwa wengi anapumua. Siku biashara ikilala, hesabu haipungui hata senti. Akiugua anampa deiwaka, dereva wa kumshikia kwa muda, gari ili hesabu isikatike, na siku hiyo yeye mwenyewe hapati kitu. Hatari yote ya biashara iko mabegani mwake, ilhali mwenye leseni anapokea kiasi kile kile.

Sasa weka ukomo wa idadi ya teksi juu ya mpangilio huo. Jiji linakua, abiria wanaongezeka, magari hayaongezeki, kila gari linaingiza zaidi. Ungetegemea pato la dereva nalo lipande. Lakini nje ya geti wako madereva wengine wanaosubiri usukani huo huo, kwa hiyo mwenye gari anapandisha hesabu, na anaendelea kuipandisha mpaka dereva abakiwe na kile ambacho angekipata kwenye kibarua kingine chochote. Faida ya uhaba inaondoka barabarani na kwenda kukaa kwenye karatasi. Ndiyo maana leseni iliyotolewa kwa ada ndogo huja kuuzwa kwa bei ya nyumba.

New York ndiyo shule kamili ya jambo hili. Ukomo wa pale haukuwekwa kwa ubaya. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, watu waliokosa ajira waliingia barabarani na magari, nauli zikaporomoka, na madereva wakawa wanakesha kwa pato lisilotosha chakula. Sheria ya Haas ya mwaka 1937 ikafunga mlango. Medalioni, yaani leseni ya teksi yenye umbo la kibati kidogo kinachofungwa kwenye boneti ya gari, ilitolewa kwa ada ya dola 10. Kwa miongo kadhaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia idadi ilisimama kwenye 11,787. Kufikia 2013 na 2014, medalioni moja iliweza kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.

Waliokuwa wakinunua mwishoni hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa wahamiaji walioendesha kwa kukodi miaka mingi, wakachoka kulipa hesabu, wakaamua kujitegemea. Wakopeshaji waliwapa mikopo yenye malipo ya awali madogo, na mingine ikiwa ya kulipa riba tu bila kugusa deni lenyewe, kwa kuamini bei itaendelea kupanda na mkopo utafanywa upya. Jiji lenyewe lilikuwa linauza medalioni kwa mnada na kuzitangaza kuwa uwekezaji bora kuliko soko la hisa. Hili ndilo huniudhi kuliko yote katika historia ile: mdhibiti aliyepaswa kumlinda dereva alikuwa muuzaji, na kila bei ilipopanda hazina yake ilinenepa.

Uber iliingia New York mwaka 2011. Magari ya kukodiwa yaliyosajiliwa jijini yalikuwa kama 63,000 mwaka 2015, na yalivuka 100,000 mwaka 2018. Medalioni zilibaki chache, lakini uchache huo haukuwa tena na maana, kwa kuwa abiria alikuwa anaita gari jingine kwa simu. Bei ikashuka chini ya dola 200,000, madeni yakabaki palepale. Mwaka 2018 madereva kadhaa walijiua. Watu husema programu ndizo zilizowaua kibiashara, na ni kweli zilichukua abiria. Hata hivyo, dereva anayepoteza abiria bila deni huumia na kutafuta kazi nyingine. Mwenye mkopo wa dola 500,000 hana pa kutokea.

Msaada ulikuja kwa kuchelewa. Baada ya madereva kugoma kula kwa siku 15, mwezi Novemba 2021 jiji lilikubali kudhamini mikopo iliyopunguzwa: deni lishushwe hadi dola 200,000, jiji litoe ruzuku ya 30,000, na 170,000 zilizobaki zilipwe kwa si zaidi ya dola 1,122 kwa mwezi. Ni nafuu ya kweli, ingawa ni nafuu ya mtu anayeendelea kulipia karatasi ambayo jiji lilimuuzia na kisha likaacha ipoteze thamani.

Mwanauchumi Gordon Tullock alieleza mtego huu mwaka 1975. Serikali ikiweka upendeleo, mfano ukomo wa leseni, anayefaidi ni yule aliyekuwepo siku ya kwanza. Akiuza leseni yake, faida yote ya miaka ijayo anaondoka nayo ndani ya bei. Aliyenunua hapati ziada yoyote, anarudisha tu alichokilipa. Ukiondoa ukomo leo, anayepigwa ni huyu wa mwisho, ambaye hakula kitu. Mtego ni kwamba kubaki nao ni hasara kwa abiria na kuuondoa ni dhuluma kwa mnunuzi.

Ireland iliuondoa kwa siku moja. Oktoba 2000 Mahakama Kuu iliamua kwamba waziri hakuwa na mamlaka ya kuzuia idadi ya leseni, na mwezi Novemba mlango ukafunguliwa. Leseni zilizokuwa zikiuzwa Dublin kwa pauni 80,000 za Ireland na zaidi sasa zilipatikana kwa yeyote aliyetimiza masharti, kwa ada ya pauni 5,000. Waliokuwa wamenunua karibuni, na wajane waliokuwa wanategemea kukodisha leseni ya marehemu, walijikuta hawana kitu. Jopo lililoundwa baadaye kuangalia dhiki zao lilipendekeza malipo ya kati ya euro 3,000 na 15,000 kwa wale walioonekana kuumia zaidi.

Lakini tazama upande wa pili, ambao husahaulika kila habari hii inaposimuliwa. Madereva waliokuwa wanakodi leseni za wengine kule Dublin walichukua leseni zao wenyewe na kuacha kupeleka hesabu. Kwao, siku ile ilikuwa ukombozi. Baada ya miaka michache magari yalikuwa mengi, foleni za kusubiri abiria zikarefuka, na pato la kila mmoja likapungua tena. Mwaka 2010 mdhibiti akasimamisha leseni mpya, isipokuwa kwa magari yanayobeba abiria wa viti vya magurudumu. Kwa hiyo aliyekodi alipata uhuru kwanza na ushindani baadaye. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kama mageuzi yalikuwa mazuri, jibu linategemea unamuuliza mwaka gani.

Kwenye fidia, Australia inafundisha zaidi. Melbourne, leseni ziliwahi kuuzwa kwa takribani dola 500,000 za nchi hiyo. Jimbo la Victoria lilipofuta mfumo huo mwaka 2017 lililipa dola 100,000 kwa leseni ya kwanza na 50,000 kwa kila moja ya tatu zinazofuata, likaongeza mfuko wa wenye dhiki, na kutoza kila safari dola 1 kugharamia mageuzi. Kwa karatasi ni usawa mtupu. Lakini aliyenunua miaka ya 1980 alikuwa amekwishakula mara kadhaa ya alichotoa, na aliyenunua karibu na kilele bado alikuwa na mkopo benki, na wote wawili wakapewa kiasi kimoja kwa leseni yao ya kwanza. Ningekuwa naandika sheria ile, ningelipa kwa tarehe ya kununua na deni lililobaki, si kwa idadi ya leseni. Dereva wa hesabu, kama kawaida, hakuwa na leseni ya kufidiwa. Kesi ya madai dhidi ya Uber iliyoendeshwa na maelfu ya wenye teksi na madereva ilimalizika mwaka 2024 kwa makubaliano ya dola milioni 271.8 za Australia. Pale angalau madereva nao walihesabiwa.

London haijawahi kuingia kwenye mtego huu kwa namna ile, na sababu yake ni rahisi: teksi nyeusi hazina ukomo wa idadi. Kinachozuia ni mtihani. Dereva anatakiwa kuijua kichwani mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya jiji, na wengi huchukua miaka mitatu au minne kufaulu. Leseni hiyo ni ya mtu, haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani. Ramani za simu na magari ya programu zimeupunguzia ujuzi huo bei, na idadi ya madereva wale imeshuka kutoka kama 25,000 muongo mmoja uliopita hadi chini ya 18,000. Ni maumivu, na gari jipya linalokidhi masharti ya moshi nalo ni mkopo mkubwa. Lakini hakuna aliyekopa kununua haki ya kufanya kazi.

Ufaransa ilijaribu kupita katikati. Sheria ya Oktoba 2014 ilisema leseni mpya za teksi zitolewe bure, zidumu miaka 5 kisha zihuishwe, mwenye leseni aendeshe mwenyewe, na zisiuzwe. Zile za zamani, zilizokuwa zikifika euro 240,000 hivi mjini Paris, zikaachwa ziendelee kuuzika. Wakosoaji wanasema imezaa matabaka mawili kwenye kijiwe kimoja. Ni kweli, na bado kati ya sheria zote nilizozisoma hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inauacha mtego ufe wenyewe taratibu bila kumvunja mtu mgongo kwa siku moja.

Je, programu za simu zimemkomboa dereva wa hesabu? Kwa sehemu. Hahitaji tena kumbembeleza mwenye leseni. Badala yake kuna kamisheni, sehemu ya nauli inayokatwa na kampuni ya programu, na mara nyingi gari bado ni la mtu mwingine, hivyo siku hizi wapo wanaolipa kamisheni na hesabu pia. Ushindani wa Dublin nao umerudi kwa kasi: kampuni haipati hasara magari yakiwa mengi, maana gari likisubiri bure anayelipia ni dereva. Hapa ndipo mageuzi ya sasa yanapopigana.

Mahakama ya Juu ya Uingereza, tarehe 19 Februari 2021, ilisema madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya mshahara wa kima cha chini na likizo, na kwamba muda wa kazi unaanza pale dereva anapofungua programu akiwa tayari kupokea abiria. Tanzania iligusa kamisheni moja kwa moja: mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, iliweka ukomo wa asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma nchini humo, na ikarudi mwaka 2023 kiwango kilipokuwa kimepandishwa hadi asilimia 25. Fundisho langu hapo ni la kiufundi tu. Ukomo wa kamisheni peke yake unaweza kukwepwa kwa kushusha nauli, na dereva akabaki na asilimia kubwa ya kitu kidogo.

New York, iliyochomwa na medalioni, ilikuja na kanuni ya akili zaidi. Mwaka 2018 ilisimamisha leseni mpya za magari ya programu, na mwanzoni mwa 2019 ikaweka kima cha chini kilichokusudia dereva abakiwe na dola 17.22 kwa saa baada ya gharama. Malipo ya kila dakika na maili hugawanywa kwa sehemu ya muda ambao magari huwa na abiria. Magari yakirundikana bila kazi, kigawanyo kinapungua na malipo ya kila safari yanapanda, kwa hiyo muda wa kusubiri unaanza kuigharimu kampuni. Mwaka 2024 Uber na mshindani wake Lyft zikajibu kwa kuwafungia madereva nje ya programu saa za biashara hafifu, ili hesabu ya muda wa kusubiri ionekane ndogo. Nilitabasamu kwa uchungu niliposoma hayo. Kanuni nzuri ilikuwa imepata mhasibu mzuri.

Mkiletewa rasimu ya sheria mpya ya teksi mtoe maoni, rukeni kurasa za dibaji muende kwenye vifungu vya mpito na vya usajili. Angalieni kama leseni inaweza kuuzwa au kuwekwa rehani, idadi inapitiwa kila baada ya muda gani na kwa kipimo kipi, na mamlaka yenyewe inapata nini leseni zikipanda bei. Kisha ulizeni kuhusu daftari. Ni jambo la kawaida kukuta daftari lililonyooka la wenye leseni, na hakuna la wanaoziendesha. Hilo la pili lisipokuwepo, siku fidia itakapolipwa haitakuwa na pa kwenda ila kwa mwenye karatasi.