Ulimwona akifanya nini?

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Dada, shikamoo. Napenda sana watoto, nisome ustawi wa jamii?" Huwa nawajibu wote, maana hata mimi niliingia Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama kwa sababu hiyohiyo. Kuwapenda watoto nilikuja nako kutoka nyumbani. Kuwatazama ndiko nilikojifunza chuoni, tena kwa shida.

Masomo ni mengi: sheria, saikolojia, ushauri nasaha, hata takwimu ambazo wengi wetu tulizikimbia sekondari. Lililonigeuza ni somo la ukuaji wa mtoto. Tulipoanza na Bowlby, Mwingereza aliyeeleza jinsi mtoto mchanga anavyofungamana na mlezi wake, niliona ni mambo ya Ulaya. Kisha mwalimu akatueleza habari za mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Mwaka 1954 na 1955 mama huyu alikuwa vijijini karibu na Kampala, akizitembelea familia 26 za Kiganda akiwa na mkalimani. Alikaa barazani kwa watu na kuandika: mama akitoka, mtoto analia au anatambaa kumfuata? Akichukuliwa na shangazi, ananyamaza? Aliona watoto wakitambaa mbali kuchezea vitu, kisha wakigeuka kuhakikisha mama bado yupo. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Kwa hiyo nadharia inayofundishwa leo dunia nzima ilijengwa kwa sehemu na akina mama wa huku kwetu waliokubali mgeni akae nyumbani mwao na daftari. Siku hiyo nilitoka darasani nikiwa mtu mwingine.

Halafu ikaja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa makao ya watoto, na humo alikuwemo mvulana wa miaka kama tisa. Katika ripoti yangu ya kwanza niliandika kwamba ni mwizi wa mikate na mkaidi. Msimamizi wangu, mama aliyekaribia kustaafu, aliisoma yote kimya.

"Mwanangu, hayo ni maoni yako. Ulimwona akifanya nini?"

Nikaandika upya: "Saa 2 usiku, baada ya kula, aliweka nusu ya mkate chini ya godoro. Asubuhi mkate ulikuwa bado upo." Sentensi hizo mbili zilinionyesha nilichokuwa sikioni. Hakuuchukua ili aule usiku. Alitaka kulala akijua kwamba kesho kuna kitu. Mama yule akampa kopo lenye mfuniko, aweke mkate wake waziwazi kando ya kitanda. Wiki za mwanzo kopo halikukosa mkate. Nilipomaliza fildi lilikuwa na gololi.

Nalisisitiza hili la maneno kwa sababu maandishi yetu hufika mbali. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa ustawi wa jamii anatakiwa awepo mahakama ya watoto inapokaa, na mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Hakimu anapotafuta njia nyingine, kama arudi kwa wazazi, akae kwa bibi au awe chini ya uangalizi, husoma tulichoandika. "Mkaidi" ni neno dogo, lakini likishaingia kwenye faili linamfuata mtoto kila aendako, na kila anayefungua faili hulikuta neno hilo limemtangulia.

Kuhusu ajira, wapo wanaofanya kazi halmashauri, hospitali, makao ya watoto na mashirika binafsi. Kusubiri kunaweza kuwa kurefu, na sitakuficha kwamba kesi za ukatili utakwenda nazo nyumbani kichwani. Tafuta mapema mtu wa kuzungumza naye, tena mtu wa kazi hiihii.

Kabla hujajaza fomu ya maombi, chukua daftari. Kaa saa moja mahali watoto wa mtaani kwenu wanapocheza, uandike wanachofanya tu. Usiandike nani mtundu, nani mpole, nani kalelewa vibaya. Ukimaliza, nitumie nisome.