Loki si kaka yake Thor, ni baba mdogo

Mwezi huu nimesoma miswada mitatu ya hadithi za vijana yenye miungu ya Kiskandinavia, na yote mitatu inafunguka vilevile: Loki ni mtoto wa kulelewa, anamwonea kijicho kaka yake Thor kwa kuwa Odin, mkuu wa miungu, anampenda Thor zaidi. Wa tatu ulinishinda, nikampigia simu kijana aliyeuandika. "Lakini mwalimu," akaniambia kwa upole kabisa, "si ndivyo ilivyo? Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua, na kila mtu amechota kisima kimoja: katuni za Marekani zilizoanza kumchora Thor mwaka 1962, na filamu zilizozifuata. Humo ndimo Loki alimookotwa na Odin na kulelewa pamoja na Thor. Katika tenzi za kale za Iceland, na katika kitabu alichokiandika Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland, mnamo 1220, hakuna kitu hicho. Loki ni mwana wa jitu Farbauti, na mama yake ni Laufey. Tena huitwa kwa jina la mama: Loki wa Laufey. (Katuni zimemgeuza huyo Laufey kuwa mfalme wa majitu, mwanamume mwenye upanga. Mama wa watu!)

Undugu wa Loki ni na Odin, baba yake Thor, nao si wa tumbo moja bali wa kuchanjiana. Upo utenzi ambamo miungu wamo karamuni kwa Aegir, jitu wa bahari. Loki amemuua mtumishi, amefukuzwa hadi porini, kisha anarudi na kuwakuta wote wamenuna, hakuna anayemsogezea kiti. Hachomoi kisu. Anamgeukia Odin na kumkumbusha kwamba zamani walichanganya damu, na kwamba Odin aliapa kutoonja pombe isipokuwa imeletwa kwa wote wawili. Odin habishi. Anamwamuru mwanawe Vidar ainuke, ampishe.

Sasa ndugu wa kuchanjiana wa baba yako ni nani kwako? Ni baba mdogo. Lugha yetu ina neno tayari, na bado waandishi wetu wanaazima ukaka wa katuni. Kijicho cha kaka tumekisoma mpaka tumechoka. Lakini baba mdogo mwenye mdomo mchafu, anayekula sahani moja na baba, ambaye kila mtu nyumbani anataka afukuzwe na hafukuziki kwa sababu mzee alikula kiapo kabla hamjazaliwa? Hiyo ni sura kumi za kitabu bila kutoka jasho. Na siku Loki anapopanga kifo cha Baldr, mwana wa Odin, anayesalitiwa ni aliyechanjiana naye.

Isitoshe, Thor na Loki husafiri pamoja mara nyingi, na uhusiano wao una utani mwingi kuliko uadui. Nyundo ya Thor ilipoibwa, wa kwanza kuambiwa alikuwa Loki. Mwizi, jitu Thrym, alitaka mungu wa kike Freyja awe mkewe ndipo airudishe. Basi Thor akavishwa shela na mkufu wa Freyja, Loki akajivika nguo za kike akawa mpambe wake. Mezani bibi harusi akala ng'ombe mzima na samoni wanane, akashushia na pombe ya asali. Thrym akashangaa, hajapata kuona mwali mwenye tonge kama lile. Mpambe akadakia: masikini, siku nane hajatia kitu mdomoni kwa hamu ya kuja kwako.

Hadithi hiyo inaifuta pia dhana nyingine, kwamba nyundo humkataa asiyestahili. Thrym aliiba nyundo akaizika chini sana ardhini, nayo haikulalamika. Harusini ikaletwa ikawekwa mapajani mwa bibi harusi kubariki ndoa, na hapo ndipo Thor alipoishika na kuanza kuvunja vichwa. Hilo la kustahili nalo ni la katuni. Kwa Snorri, Thor mwenyewe anahitaji glovu za chuma kuishika.

Kofia zenye pembe: hapana. Kofia ya chuma ya zama za Waviking iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943 haina pembe. Pembe zilipata umaarufu kwa mavazi aliyobuni Carl Emil Doepler kwa ajili ya opera kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Mwambieni mchoraji wa jalada mapema, maana huyo hasomi mswada.

Hel, makao ya wafu, si Jehanamu. Baldr, aliyependwa kuliko miungu wote, alikwenda huko, akakutwa amekaa kiti cha heshima. Na waliokufa vitani hawaendi wote Valhalla, ukumbi wa Odin, nusu huchukuliwa na Freyja.

Mwisho ni Ragnarok, maangamizi ya miungu. Yule kijana wa simu alifunga kitabu chake na giza: jua limemezwa, dunia imezama, kwisha. Nilimwambia amekata utenzi kabla haujaisha. Baada ya moto na maji, nchi huibuka tena kutoka baharini ikiwa mbichi, maporomoko yanashuka, tai anawinda samaki mlimani, mashamba yanazaa bila kupandwa. Baldr anarudi. Miungu waliobaki wanakutana uwandani, na kwenye majani wanaziokota kete za dhahabu walizochezea zamani.

Kimya kidogo kwenye simu. "Kete, mwalimu? Kama za bao?"

Kama za bao, nikamwambia. Aandike hapo.