Je, wajua? Steringi hafi, ndiyo maana mhusika mdogo ndiye anayetutia roho juu

Aliyekulia Unguja akitazama sinema aliijua kanuni moja kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa korongoni, jumba zima litamwangukia, naye atatoka akijipangusa vumbi. Tuliijua, na roho zikatupaa vilevile, maana kila mara tulibakisha shaka kidogo, labda leo.

Kuna filamu ambazo hata shaka hiyo haimo. Nilikaa Michenzani na wapwa zangu kuitazama The Phantom Menace, ya mwaka 1999, mojawapo ya filamu za Star Wars, zile za vita vya angani. Ikafika pale Obi-Wan, mmoja wa mashujaa wake, bado kijana, ananing'inia shimoni, upanga wake umeshaanguka chini kabisa, na adui amesimama juu yake. Mimi nimejikunja kitini. Mdogo wao, ambaye za zamani alikwisha kuzimaliza, anaendelea na urojo wake.

"Hafi huyu, mjomba. Si keshazeeka kule kwengine?"

Kasema kweli. Hiyo ndiyo filamu tangulizi: hutengenezwa baadaye ili isimulie yaliyotokea kabla. Star Wars ya kwanza ilitoka 1977. Miaka 22 baadaye hadithi ikarudishwa nyuma, kwa filamu za 1999, 2002 na 2005, kueleza namna Anakin Skywalker, mtoto mtumwa wa jangwani, alivyogeuka kuwa Darth Vader, adui mkubwa wa filamu za zamani. Mwisho wa Anakin unajulikana. Wa Obi-Wan unajulikana. Hata kibabu Yoda tunajua atafia wapi. Sasa ukiingia kutazama, unamwogopea nani?

Unawaogopea wadogo. Wao ndio ambao mwisho wao haujaandikwa popote. Kando ya shimo lile lile, dakika chache kabla, Qui-Gon Jinn, mwalimu wa Obi-Wan, alichomwa upanga wa tumbo. Jina lake halikuwahi kutajwa katika filamu tatu za zamani, kwa hiyo mtazamaji hakuwa na pa kushika. Na pale ndipo mpwa wangu alipoweka kijiko chini.

Mambo haya si mageni kwetu. Utendi wa Fumo Liyongo husikilizwa na watu wanaojua tangu ubeti wa kwanza kwamba sindano ya shaba ya kitovuni ndiyo itakayommaliza shujaa. Lakini Liyongo akiwa gerezani, macho yote yanamwendea Saada, kijakazi anayempelekea chakula. Yeye ndiye anayebeba shairi la mafumbo hadi kwa mama mtu: oka mkate, katikati utie tupa. Mama akaandaa vyakula vitamu, na pamoja navyo mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wakala vile vitamu, wishwa wakamwachia mfungwa, na mfungwa akakereza pingu zake. Mwondoe Saada uone kama Liyongo atatoka.

Kipimo changu ni hicho hicho: mwondoe, uone kitakachoanguka. Nikakirudisha kwenye zile filamu tatu tangulizi.

Mwondoe Shmi, mamake Anakin. Ana dakika chache tu kwenye filamu mbili, na wengi hata jina lake hawalikumbuki. Mwaka 1999 mtoto anakombolewa kwa dau la mashindano, mama anabaki mtumwa, naye ndiye anayemwambia mwanawe aende wala asitazame nyuma. (Mtu anayeishi mji ambao soko lake la watumwa, pale Mkunazini, lilifungwa mwaka 1873, kipande hicho hakimpiti hivi hivi.) Filamu ya 2002 inamrudisha ili tu afe mikononi mwa mwanawe, na kijana anaitekeza kambi nzima ya waliomteka, wanawake na watoto wakiwemo. Kabla ya hapo alikuwa amemuota mama yake akiteseka, akachelewa kumfikia. Kwa hiyo 2005 anapoanza kumuota mkewe Padmé akifa kwenye uzazi, hana subira tena, na anamwamini Palpatine, mtawala mwenye hila anayemwahidi njia ya kuzuia mauti. Ukimtoa Shmi, Vader anabaki kijana mwenye hasira asiyejulikana kakasirikia nini.

Jar Jar Binks je? Huyu alichukiwa mno mwaka 1999, na mimi simtetei, vichekesho vyake vinachosha. Lakini kipimo hakiulizi kama unampenda. Mwaka 2002, Padmé akiwa hayupo, Jar Jar ndiye anayesimama mbele ya Seneti na kutoa hoja kwamba Palpatine apewe madaraka ya dharura. Mpumbavu mwenye nia njema kafungua mlango, na dikteta kapita. Naona ndicho kitu cha werevu zaidi alichowahi kufanyiwa mhusika yule.

Wengine kipimo kinawakataa. C-3PO, lile roboti la rangi ya dhahabu, tunaambiwa aliundwa na Anakin mwenyewe. Ehe, halafu? Hakuna kinachobadilika, ila mwisho wa filamu ya 2005 inabidi aamriwe kufutwa kumbukumbu, ili asije akajua mambo ambayo mwaka 1977 hakuyajua. Chewbacca naye anapita katika filamu hiyo hiyo kama mgeni wa harusi aliyekuja kupiga picha. Hizo ni salamu kwa mashabiki tu.

Rogue One ya mwaka 2016, tangulizi nyingine ya Star Wars, ndiyo iliyolishika somo hili sawasawa. Filamu ya 1977 inaanza na maandishi yanayosema kwamba majasusi wa waasi wameiba ramani za ngome ya Dola, utawala wa Palpatine, bila kumtaja hata mmoja. Kutokana na sentensi hizo chache wakaundwa Jyn Erso, Cassian Andor na wenzao. Mtazamaji anajua ramani zitafika. Asichojua ni nani atazifikisha, na nani atabaki hai. Hakubaki hata mmoja wao. Babake Jyn, mhandisi Galen, kakamilisha kazi nyingine kabisa: yeye ndiye aliyeitia ngome ile udhaifu kwa makusudi. Mashabiki walikuwa wakicheka kwa miaka kwamba ngome kubwa kama mwezi iliripuliwa kwa kombora lililopita tunduni. Mhusika wa pembeni kaja miaka 39 baadaye kuziba ufa wa filamu ya mwanzo.

Halafu Cassian naye akapewa tamthilia yake, Andor, vipindi 24 vilivyotoka kwa misimu miwili, 2022 na 2025. Hapo mambo yakapinduka: mdogo kawa steringi, na kifo chake tumekwisha kukiona. Kwa hiyo hofu ikahamia kwa walio pembeni yake. Nami aliyenikaa rohoni ni Kino Loy, mnyapara wa gereza lililojengwa katikati ya maji. Anawaamsha wafungwa wenzake, anawaongoza mpaka ukingoni, wote wanachupa kuogelea kuelekea uhuru. Yeye anasimama. Anamwambia Cassian kwamba hajui kuogelea. Umati unamsukuma Cassian akaangukia majini, na Kino hatumwoni tena, wala msimu wa pili haukumrudisha.

Wapwa zangu ni watoto wa kisiwani, wanachupa ukutani Forodhani tangu wana miaka sita. Mtu mzima asiyejua kuogelea, kazungukwa na maji, kwao ni jambo lisiloingia akilini. Yule mdogo akarudisha nyuma mara mbili, anamtafuta Kino katikati ya vichwa vilivyokuwa vikielea.

"Mjomba, kwani hakuna aliyembeba mgongoni?"