Brigandini siyo kizibao cha ngozi chenye njumu jamani

Watu wengi wakiona picha ya askari wa Ulaya wa miaka ya 1400 kavaa brigandini, yaani deraya (vazi la kujikinga vitani) lililo kama kizibao cha mahameli kilichojaa vichwa vya misumari mstari kwa mstari, wanasema ah hiyo ni ngozi imepigwa njumu. Nawaelewa, sisi tumezoea milango ya Zanzibar, zile njumu za shaba pale ni urembo tu. Ila kwenye brigandini kile kichwa unachokiona nje ni ribiti, pini inayopondwa mkia ili ishike vitu pamoja, na nyuma yake kuna kibamba cha chuma. Vibamba vyenyewe vinafika mamia, vimelaliana kama magamba ya samaki, tofauti ni kwamba hivi viko ndani.

Hiyo deraya ya ngozi tupu yenye njumu imeenezwa na magemu. Hebu fikiria tu, njumu mbili zikiachana vidole viwili, kisu kinapita katikati wala hakiulizi! Kuna sehemu moja inachanganya watu kihalali, China, enzi za mwisho za ukoo wa Qing, maana kule makoti mengi ya gwaride yalibaki na njumu nje huku vibamba vishatolewa. Hayo yalikuwa ya sherehe, siyo ya vita.

Dhana ya pili, ambayo mi ndo inaniudhi zaidi: eti kitambaa kimewekwa kufunika chuma kisionekane. Hapana bana, kitambaa ndo kimeshika kila kitu. Vibamba havijafungwa kimoja kwa kingine, kila kimoja kimepigwa ribiti kwenye turubai zito la kitani, halafu juu ndo inakuja mahameli. Toa kitambaa uone, unabaki na rundo la vyuma sakafuni. Ndo kilichotokea Visby, kisiwa cha Gotland, Sweden ya leo. Mwaka 1361 jeshi la mfalme Valdemar wa Denmark liliwachinja wenyeji pale, maiti zikafukiwa kwenye makaburi ya pamoja, nyingine na deraya zao mwilini. Wachimbaji wa karne ya 20 wakakuta mabamba na ribiti, kitambaa na ngozi vishaoza, ikabidi wapange upya kwa kufuata mabamba yalivyolala. Deraya za Visby mabamba yake ni makubwa na machache, ni kama babu yake brigandini.

Na siyo vazi la maskini. Za askari wa kawaida zilikuwepo ndio, ila matajiri nao walivaa, mahameli nyekundu na ribiti zimepakwa dhahabu, tatu tatu kwa pembetatu. Vibamba vingi vilipakwa madini ya bati visile kutu, maana jasho la vita siyo mchezo.

Sasa ukitaka kutengeneza yako iwe kama zile za kweli, usishone vimifuko ukachomeka vyuma, hiyo ni kitu kingine kabisa. Kutoboa kitambaa tumia sindano ya fundi viatu, inasogeza nyuzi pembeni bila kuzikata, ukitumia drili tundu linachanika kila siku kidogo kidogo. Kosa langu mimi lilikuwa vipimo. Nilikata kitambaa kama fundi cherehani anavyokata kizibao, nikakilaza mezani nikapiga ribiti kwenye vibamba vya shiti la geji 20 (unene chini kidogo ya milimita moja), siku nzima kng kng kng, jioni navaa… mbele hakifungi, kimepungua vidole vinne! Kumbe kitambaa kiko nje ya chuma, kinazunguka duara kubwa kuliko mwili, halafu nilivyopiga kikiwa bapa kikagoma kupinda. Nikakata ribiti za mbavu zote kwa grainda nikaongeza kipande, na safari hii nikawa napiga huku nimekizungushia kwenye gogo, kila mstari nasimama najipima kwanza.