Je, wajua gesi huugeuzaje mwanga wa leza kuwa wa mawimbi mafupi?

Kwenye maabara ya Artemis iliyoko Harwell, Uingereza, kazi huanza na leza ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho ambao mawimbi yake ni marefu kuliko ya mwekundu. Mwisho wa mtambo hutoka mwanga ambao mawimbi yake ni ya nanomita (sehemu za bilioni za mita) makumi machache tu. Kinachoubadilisha si kioo, ni gesi kidogo, kwa mfano argoni.

Leza hiyo haiwaki mfululizo kama kurunzi. Hupiga mapigo, tuseme ya femtosekunde 30 kila moja; femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Mwanga unaoweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde, ndani ya muda huo husogea mikromita 9 tu. Hata unene wa unywele hauvuki. Pigo likibeba milijuli moja, haliwezi kupasha moto tone la chai. Lakini kwa kuwa limebanwa hivyo, nguvu yake hufika gigawati 33. Bwawa la Nyerere zima ni gigawati 2 na ushei!

Likielekezwa kwenye gesi, elektroni huchomolewa kwenye atomu na kusukumwa mbali. Ila uga wa umeme wa mwanga huyumba huku na huku. Ukigeuka, elektroni hurudishwa mbio mpaka kwenye atomu yake, na nishati yote iliyoiokota njiani huitema kama fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga. Maelezo haya aliyatoa Paul Corkum mwaka 1993.

Jambo lenyewe lilikuwa limeshaonekana. Mwaka 1987, huko Saclay, Ufaransa, Anne L'Huillier na wenzake walipitisha leza ya nanomita 1,064 kwenye gesi. Kama uzi wa udi unavyotoa sauti nyembamba juu ya sauti yake ya msingi, ulitoka mwanga wenye mitetemo mara 3, 5, 7 na kuendelea. Ungetegemea kila ngazi ififie kuliko iliyotangulia. Wapi! Nyingi zilikuwa na nguvu karibu sawa, na kwenye argoni zilifika ya 33, yaani nanomita 32. Simu ya Nobel ya Fizikia ya 2023 ilimkuta L'Huillier akifundisha Lund, Sweden. Akarudi darasani kumalizia kipindi.

Leo mapigo hayo ya mawimbi mafupi hutumika kufuatilia elektroni zinavyohama ndani ya mata. Usumbufu haukosi: hewa huumeza mwanga huo, hivyo njia yake yote ni ombwe. Tena sehemu kubwa ya infraredi hupita kwenye gesi bila kubadilika, kwa hiyo huzuiwa kwa utando wa alumini wa nanomita 200 hivi. Utando huo ukipata kitundu tu, infraredi hupenya na kuvuruga vipimo.